Kupiga picha Mji Mkongwe kwa safari ya siku moja: nyumba, watu na kumbukumbu

Simu yangu inatosha? Mbona nyumba zote kwenye picha zangu zinaelekea kuanguka? Nikimwomba mtu picha akanikatalia, nifanyeje? Maswali haya hurudi kila msimu wa sikukuu, watu wanapopanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam wakashinde Zanzibar na kurudi jioni. Nimeyapanga majibu kwa kufuata siku yenyewe, tangu unapoisubiri boti hadi unapolala. Nimechagua Mji Mkongwe kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia, na kwa sababu matatizo yote ya mpiga picha msafiri yamerundikana pale: vichochoro vyembamba, kuta nyeupe, wenyeji waliochoka kulengwa kamera, na kumbukumbu inayotaka adabu yake.

Jambo moja kwanza. Safari ya siku moja hukufikisha Unguja asubuhi jua likiwa limeshapanda, na kukuondoa alasiri kabla halijatua. Yaani unakuwa mjini saa zile zile ambazo kila mtu atakwambia hazifai kwa picha. Ushauri huo unafaa ufukweni na mbugani. Mji Mkongwe una nyumba za ghorofa mbili tatu pande zote za njia ambayo mara nyingine watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Jua likiwaka juu, chini kuna kivuli kizuri. Kwa hiyo mpango wa siku nzima ni huu: jua likiwa kali, kaa vichochoroni, likianza kushuka upande wa magharibi, toka uende mbele ya bahari. Wengi hufanya kinyume chake, ndiyo maana wanarudi na picha zilizoungua.

Vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Simu yenye kamera ya kuridhisha, au kamera ndogo yenye lenzi moja. Simu inatosha. Kama una kamera, lenzi pana ya milimita 24 hadi 35 ndiyo utakayoitumia zaidi. Acha begi la lenzi nyumbani. Vichochoroni litakugonganisha na kila mtu.
- Pawabenki iliyojaa na waya wake.
- Nafasi tupu kwenye simu, angalau GB 10, au memori kadi ya pili kwa wenye kamera.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi. Chumvi ya bahari na mafuta ya vidole huharibu picha nyingi kuliko simu mbovu.
- Kitambulisho cha kupandia boti, na noti ndogo ndogo za kahawa, kashata na viingilio.
- Nguo za staha, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, wanaume kwa wanawake. Ukivaa kama uko ufukweni, hata wale ambao wangekubali kupigwa picha watakugeuzia uso. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana.
- Droni iache. Inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kibali hakipatikani ukiwa kwenye foleni ya boti.

Stendi ya kamera sijaitaja kwa makusudi. Kwa safari ya mchana ni mzigo tu.

Hatua kwa hatua

1. Anza Dar, kabla ya boti

Ukifika mapema, usikae tu kwenye foleni. Ng'ambo ya barabara kutoka kwenye gati za boti liko Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid, na ukifuata barabara ya Sokoine utalikuta kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo Wajerumani walilimaliza 1902. Mbele yake panatazama bandari, na jua la asubuhi hupiga hapo vizuri. Ukiwa na nusu saa ya ziada, ingia ndani kidogo hadi sanamu ya Askari ya mwaka 1927, pale Samora. Piga magoti ukingoni mwa njia ya miguu, kamera iwe chini, ili askari na singe yake wawe na anga nyuma yao badala ya mabango ya maduka. Usisimame barabarani kutafuta pembe. Madereva wa pale hawakusubiri.

Onyo: geti la bandari, walinzi na vyombo vya ulinzi usivilenge. Kamera ikiwa mkononi mbele yao, iangalie chini.

2. Tayarisha simu ndani ya boti

Una saa mbili hivi, zitumie. Washa gridi, ile mistari inayogawa skrini vipande tisa. Bila hiyo hutajua kama ukuta umesimama wima. Zima fleshi kabisa. Futa lenzi.

Halafu jifunze hili moja, maana ndilo litakalookoa nusu ya picha zako. Gusa skrini mahali unapopiga, shikilia kidole mpaka ioneshe kwamba mwanga umefungwa, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga au chini kuupunguza. Jaribu kwa mwenzako aliyekaa karibu na dirisha: kwanza gusa dirisha, piga, halafu gusa uso wake, piga. Utaona tofauti mara moja. Kamera haijui unapiga nini. Ikiona ukuta mweupe mwingi, inadhani mwanga umezidi na kuugeuza kijivu, na mtu aliyesimama mbele yake anakuwa kivuli.

Wenye kamera: tundu la lenzi liwe f/8 kwa majengo, f/2.8 hadi f/4 kwa mtu mmoja, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe lakini isivuke 3200, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde pale penye watu wanaotembea.

3. Ukishuka, ingia vichochoroni moja kwa moja

Asubuhi jua liko nyuma ya mji, na nyumba zinazotazama bahari ziko kwenye kivuli chake. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, na Ngome Kongwe utazikuta palepale alasiri. Ingia ndani kuelekea Hurumzi, Soko Muhogo, Kiponda, popote miguu inapokupeleka. Dakika kumi za mwanzo usipige kitu. Tembea, sikiliza, uangalie mwanga unaangukia wapi.

Unachotafuta ni aina tatu za mwanga. Wa kwanza ni kivuli laini kilichojaa njia nzima. Huo unafaa kwa watu na milango. Wa pili ni mwanga unaodunda: jua likipiga ukuta mweupe wa upande mmoja, ukuta huo unarudisha mwanga mzuri kwa upande wa pili, kana kwamba mtu ameshika taa kubwa. Ukiuona, usiondoke haraka. Wa tatu ni mshale wa jua unaopenya kati ya mapaa na kuchora mstari chini. Huo subiri mtu apite ndani yake.

4. Milango

Milango ya nakshi ndiyo picha inayopigwa kuliko zote Zanzibar, na nyingi ni mbovu kwa sababu ile ile: zimepigwa kwa mshazari na kwa haraka. Fanya hivi:

Simama katikati kabisa ya mlango. Mfaa, ule ubao wima ulio katikati ya mbao mbili, uulaze juu ya mstari wa gridi. Shusha kamera iwe usawa wa nusu ya mlango, kama kifuani hivi. Simu isiinamie mbele wala nyuma. Rudi nyuma mpaka miimo yote miwili na kizingiti viingie, na ubakize ukuta kidogo kila upande. Njia ikiwa nyembamba huwezi kurudi nyuma, tumia lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, lakini hapo kosa dogo la kuinamisha huonekana kubwa, basi tulia.

Baada ya picha nzima, sogea. Picha za karibu ndizo zinazoeleza mlango: misumari ya shaba, maandishi ya Kiarabu juu ya mlango, maua ya yungiyungi, samaki, mikufu iliyochongwa pembeni. Nakshi huonekana kwa kina pale mwanga unapoipita kwa ubavu. Mwanga ukija mbele moja kwa moja, mchongo unalala bapa. Mlango ambao jua litaupitia kwa ubavu hudumu hivyo dakika chache tu, kwa hiyo ukiona mstari wa jua unasogea kuelekea mlangoni, kaa usubiri.

Utaona milango mingine ni ya mraba juu na mingine ina tao. Ile ya tao, na ile yenye vipande vidogo vingi vya mbao, mingi ilifuata mtindo wa Kihindi. Waongoza watalii watakupa maana ya kila ua na kila mnyororo. Sikiliza ufurahi, lakini usiyaandike chini ya picha yako kama ukweli. Wengine hutunga papo hapo, na wanatunga vizuri.

Onyo: baraza lililo mbele ya mlango ni mali ya mwenye nyumba. Usipande kwa viatu ili upate pembe. Na mlango ukiwa wazi, ndani ni kwa watu. Piga mlango, usipige sebule.

5. Nyumba nzima

Shida kubwa ya wanaoanza ni nyumba zinazolala nyuma. Inatokea unapoinua simu kuelekea juu ili paa liingie. Dawa zake, kwa mpangilio wa ubora: rudi nyuma; au panda juu, kama kuna mkahawa wenye paa au ngazi ng'ambo, kisha piga ukiwa usawa wa ghorofa ya kwanza; au shika simu wima kabisa na ukubali kupata barabara nyingi chini, ambayo utaikata baadaye. Vyote vikishindikana, fanya kinyume: inua simu sana, moja kwa moja kuelekea anga kati ya kuta mbili, ili mwinamo uwe wa kukusudia. Mwinamo wa nusu nusu ndio unaokera.

Mweke mtu kwenye picha. Nyumba bila mtu haina kipimo; mtazamaji hajui kama balkoni ile iko juu ya kichwa au juu ya mnazi.

Waya za umeme ni sehemu ya Mji Mkongwe. Usijisumbue kuzifuta zote kwa programu mpaka nyumba ionekane ya karatasi.

6. Watu

Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa kidogo.

Salamu hutangulia kamera. Simu iwe mfukoni, kamera iwe begani. Mahali pa kujifunzia ni barazani penye kahawa, kwa mfano Jaws Corner pale Soko Muhogo, ambapo wazee na vijana hukaa kucheza bao na dhumna na kubishana siasa na mpira. Toa salamu kwa wote: "Asalaam alaykum." Kaa. Agiza kahawa na kashata. Usikimbilie picha. Kikombe cha kwanza kikiisha, mgeukie mmoja:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu. Natoka Bara, nimekuja kutembea. Naomba ruhusa nikupige picha hapo ulipokaa. Ukipenda nitakutumia."

Majibu ni matatu. "Piga tu" ni ruhusa. "Ya nini?" ni swali la haki na linataka jibu la kweli: kama utaiweka mtandaoni, sema utaiweka mtandaoni. "La, mwanangu, mie sipendi" ni mwisho wa habari hiyo. Mwambie ahsante, endelea kunywa kahawa yako, na usirudi baadaye kumvizia kutoka kona ya pili. Kijana wa rika lako unaweza kumwambia "Kaka, naomba picha", lakini kwa mtu mzima anza na shikamoo. Ukiiruka, hata picha ukipata, sura itakuwa imefunga.

Ruhusa ya mmoja si ya baraza zima. Sema kwa sauti kwamba unataka kupiga, utaona mmoja wawili wanasogea pembeni. Waache wasogee kwanza.

Mwanamke wa buibui anayepita mbele ya mlango wa nakshi: picha hiyo imepigwa mno, na karibu zote zimeibwa kwa nyuma. Mimi nashauri uiache. Kama kweli unataka mpita njia kwenye picha, simama wazi mahali unapoonekana, kamera ikiwa imelenga njia, na mtu aingie kwa mbali akiwa mdogo asiyetambulika. Anayenyoosha mkono au kuvuta mtandio usoni ameshajibu.

Watoto: mwombe mzazi au mlezi, si mtoto. Watoto wenyewe watakubali kila kitu na watakuja kumi. Usigawe peremende wala hela. Picha inayoonesha uso wa mtoto pamoja na nembo ya shule au madrasa yake usiiweke mtandaoni.

Pesa: simlipi mtu kwa kukaa kwake barazani, lakini nanunua anachouza. Muuza madafu, muuza kahawa, muuza viungo Darajani, nunua kwanza. Wapo wanaotaka malipo kwa picha, wakiwemo baadhi ya vijana wanaoruka baharini pale Forodhani jioni. Hiyo ni kazi yao. Patana kabla ya kupiga, si baada.

Ukipata ruhusa, usizubae. Mtu akae au asimame mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama nje kwenye njia. Ukuta mweupe wa ng'ambo utamulika uso wake. Nyuma yake kuwe na giza la ndani ya nyumba au ukuta usio na jua. Tumia lenzi ya kawaida, 1x au 2x. Ile ya 0.5 huvimbisha pua. Gusa skrini usoni, funga mwanga. Ngozi zetu nyingi ni nyeusi na kamera ina tabia ya kukosea pande zote mbili: mbele ya ukuta mweupe inazifanya makaa, mbele ya giza inazipausha. Rekebisha kwa kidole mpaka rangi ya uso iwe ile unayoiona kwa macho, mengine yajitegemee.

Piga ya kwanza, itakuwa ya kukakamaa. Mwoneshe. Wenzake watamtania, atacheka, na hapo ndipo picha ilipo. Kisha chukua namba yake, utume picha usiku huo huo. Wengi huahidi na hawatumi, na anayekuja baada yao ndiye anayenyimwa.

Maonyo mawili. Usipige watu wakiswali, wala usiingie msikitini na kamera bila idhini ya wahusika. Na polisi, askari, kambi na makazi ya viongozi usiyapige hata kwa bahati mbaya ya kuwa nyuma ya rafiki yako anayetabasamu.

7. Mkunazini: kupiga kumbukumbu

Kanisa Kuu la Anglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Uani kuna kumbukumbu iliyochongwa na msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kuna kiingilio.

Zunguka shimo kwanza bila kupiga. Kila upande una sura zake.

Kosa la kawaida ni kupiga ukiwa umesimama wima ukingoni. Unapata utosi wa vichwa na zege. Msanii amewaweka chini ya usawa wa ardhi ili uwatazame kwa juu, na picha moja ya hivyo ni halali. Kwa nyingine piga magoti, ushushe kamera karibu na ukingo, upate nyuso zao. Jua la saa sita huweka kivuli kizito kwenye macho. Wingu likipita, sura hufunguka. Kisha piga vipande: mnyororo, shingo, bega lililoshuka.

Usiingie shimoni wala kukaa ukingoni kwa selfi. Wapo wageni ambao babu zao walipita pale. Wakiwa wanasimama kimya, kamera ipumzike.

Ukiiweka picha ya sanamu yoyote mtandaoni, andika jina la aliyeichonga na mwaka. Ni kazi ya mtu, kama ilivyo picha yako.

8. Michenzani, ukiwa na saa ya ziada

Hapa karibu hakuna mgeni anayefika, na mimi napapenda kuliko Forodhani. Ni yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Madirisha yanajirudia, nguo zimeanikwa, maduka yako chini. Jua kali la mchana ambalo linaharibu kila kitu kingine linafaa hapa, kwa sababu vivuli vya balkoni vinachora mistari mikali kwenye zege. Simama mbali, zumu kidogo, jaza fremu kwa madirisha tu. Nyuma ya kila dirisha kuna familia, basi usizumu mpaka ndani.

9. Alasiri, mbele ya bahari

Kuanzia kama saa tisa, jua huwa limevuka upande wa bahari na nyuso za majengo zinapata mwanga. Anza na ile Zahanati ya Kale ya barabara ya Mizingani, iliyokamilika 1894, yenye balkoni za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi. Vuka barabara, simama upande wa bahari. Endelea hadi Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo ukikuta uzio, mabati au majukwaa ya mafundi usinune. Yapige. Picha za jengo zima maridadi zimejaa kila mahali. Za hali yake ya leo ni chache.

Kumbuka pia kwamba kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na kuanzia Novemba hadi Februari liko kusini. Ukuta uliokuwa na mwanga kwenye picha ya rafiki yako ya mwezi wa kwanza unaweza kuwa kwenye kivuli mchana kutwa mwezi wa saba.

10. Picha ya mwisho iko kwenye boti

Boti ya alasiri ina faida moja ambayo ya asubuhi haina: mji wote wa mbele unawaka jua. Kaa sehemu ya wazi, subiri boti itoke nje ya eneo la bandari, kisha piga mji ukiwa mdogo juu ya maji. Usitumie zumu ya kidijitali, utakata ukiwa nyumbani. Egemea nguzo, boti inatikisika.

11. Kabla ya kulala

Hamisha picha zote mahali pa pili, iwe kompyuta au hifadhi ya mtandaoni, ndipo uanze kufuta. Chagua chache, kumi na tano zinatosha kwa siku nzima. Zinyooshe kwa gridi, punguza mwanga uliozidi angani, fungua kivuli kidogo. Rangi usiziongeze; bahari ya Unguja haihitaji msaada. Watumie uliowaahidi.

Ikigoma

Picha zote zina ukungu. Umetoka kwenye boti yenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto na unyevu, lenzi imetoa jasho. Iache nje dakika kumi ikaukie yenyewe. Ukungu ukibaki, ni mafuta ya kidole, futa.

Simu imekuwa moto na kamera inajifunga. Itoe kwenye kava, ikae kivulini, zima data na usirekodi video. Usiiweke juu ya soda baridi, unyevu utaingia ndani.

Vichochoroni picha zinatikisika. Mwanga ni mdogo kuliko macho yanavyodhani. Bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, piga tatu mfululizo. Kwenye kamera pandisha ISO. Chembechembe ni afadhali kuliko mtu mwenye nyuso mbili.

Anga ni nyeupe tupu. Usiipigie anga hiyo kabisa. Shusha kamera, jaza fremu kwa ukuta, mlango na watu. Siku za masika mvua ikikatika, angalia chini: madimbwi yanabeba nyumba nzima.

Uso ni mweusi, ukuta unang'aa. Mgeuze mtu, si simu. Mwombe asogee kivulini au atazame upande unaotoka mwanga, kisha gusa uso na kufunga mwanga upya.

Umepotea. Kila mtu hupotea, na ramani ya simu huyumba kati ya kuta ndefu. Uliza njia ya Darajani au Forodhani. Acha nusu saa ya ziada kabla ya muda wa kufika bandarini, maana boti haisubiri mlango mmoja wa mwisho.

Mtu aliyekubali amebadili mawazo. Futa mbele yake, kisha fungua lile folda la picha zilizofutwa uifute na humo, naye akiona.

Askari amekusimamisha. Salimia, mpe simu aone, eleza ulikuwa unapiga nini. Akisema futa, futa bila mabishano, halafu muulize ni wapi unaruhusiwa kupiga. Mara nyingi atakuonesha mahali pazuri kuliko pale ulipokuwa.